Apu ya mkopo wa dakika 5: nyota moja, na hiyo moja ni ya spidi tu

Jina la apu silitaji, sitaki kesi na watu wenye mwanasheria, ila ukisoma utaijua maana zinafanana zote kama vifaranga. Mimi nauza mitumba Tandika, nguo za watoto. Sasa jamaa anayenipa mzigo akanipigia kuna belo la grade A limeingia, safi, na kuna mama mwingine keshalitolea macho, mimi nimepungukiwa kama 80,000 hivi. Mchezo wetu zamu yangu bado wiki mbili. Benki we mwenyewe unajua, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wadhamini wawili, picha pasipoti, halafu rudi Jumatano. Ndo nikabonyeza lile tangazo la Facebook.

Kwenye spidi nawapa haki yao kabisa. Namba ya NIDA, selfi moja ya kugeuza shingo kushoto na kulia kama unapiga picha ya polisi, halafu ikaanza kuomba ruhusa: isome meseji, ione nilipo, ione namba zote nilizosevu. Hapo kwenye namba nikabonyeza kataa. Ikagoma kuendelea, inakurudisha palepale. Nikabonyeza kubali, maana belo linanisubiri. Huo mbonyezo ndo riviu yangu yote hii, mengine ni maelezo tu.

Pesa iliingia kabla chai haijapoa. Ila ngoja. Tangazo liliandika riba 3.5%, muda wa kulipa siku 91 hadi 180. Mkopo niliopewa kwenye maandishi ni 120,000. Iliyoingia kwenye simu ni 84,000. Nikadhani mtandao umekata, kumbe 36,000 ni "ada ya huduma" inakatwa mbele, na chini huko kwa herufi za sisimizi tarehe ya kulipa ni siku ya saba, nirudishe 124,200. Piga hesabu mwenyewe, nimepokea 84,000 nalipa 40,200 juu yake ndani ya wiki, yaani karibu nusu ya hela niliyoshika. Na hapo wala hawajasema uongo kwenye riba! Riba ni 3.5% kweli, hiyo 4,200, uongo umehamia kwenye ada. Ukomo wa riba BoT, yaani Benki Kuu, waliowawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ni 3.5% kwa MWEZI, kwa hela niliyoshika mimi ingekuwa 2,940. Na ile 91 nayo ina sababu yake, Google kwenye duka lao hawaruhusu apu ya mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60, kwa hiyo anayetaka kuonekana mstaarabu anaandika 91 hata kama roho yake ni ya siku 7.

Na mimi wala sikuipakua kwenye duka la Google, ile linki ya tangazo ilishusha faili moja kwa moja kwenye simu. Simu ikanionya, nikapuuza. Tangu 2023 Google walizikataza apu za mikopo kugusa namba na picha za mtu, kwa hiyo anayezitaka sana hizo namba anakuletea faili yake pembeni, kama mtu aliyekatazwa kuuza sokoni akahamia uchochoroni. Ukiona apu ya mkopo inakuja kwa linki jiulize kwanini haiko dukani, mimi sikujiuliza.

Belo lilikuwa zuri, hilo niseme. Ila nguo za watoto hazitoki zote wiki moja. Siku ya sita, deni hata halijaiva, wakaanza kupiga, kijana mmoja ana sauti nzuri kabisa ya redioni, ananiita dada. Siku ya saba sijalipa. Siku ya nane asubuhi akanipigia fundi bomba. Huyu fundi alinizibia bomba 2019, nimemsevu "Fundi Bomba Tandika", hatujawahi kuongea tena. Ananiambia Mama Rahma, nimepata meseji hapa kwamba wewe ni tapeli na mimi ndo mdhamini wako, sasa nauliza, nimekudhamini lini? Nilicheka halafu nikalia. Baada yake mwalimu wa mtoto, baada yake mwenye fremu, saa saba mchana wakafungua grupu la WhatsApp limewekwa ile selfi yangu ya kugeuza shingo, juu imeandikwa MWIZI kwa wekundu, na ndani yumo mama mkwe wangu. Kaona.

Siku ya tisa nikalipa, na faini ya siku mbili 10,000 juu, jumla 134,200. Nilikopa kwa jirani. Jirani ambaye ningemkopa tangu mwanzo ila niliona aibu, si unaona hiyo.

Ukilileta hili jambo popote kinachofuata ni mabishano. Wa kwanza atasema ulikopa, lipa, acha kulia. Ndugu yangu nimelipa, tena mara moja na nusu. Swali langu ni la fundi bomba, yeye alikopa nini? Mwingine atasema serikali izifungie zote. Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya apu 69 zinazokopesha bila leseni, nikaipitia yote, yangu haimo, na jina nililoijua nalo sasa hivi halipo tena, ipo nyingine ya rangi ileile na yule kijana wa sauti ya redio namsikia mteja mwenzangu anamsimulia. Kufungia jina ni kama kufukuza nzi buchani. Halafu kuna wale wa teknolojia, hawa ndo wananichosha, wanasema ni ubunifu, watu wasio na dhamana wamefikiwa. Ni kweli sisi hatuna dhamana. Ila mkopo wa simu bila kuchota namba za watu mbona upo miaka mingi, M-Pawa ya Vodacom ilianza 2014 na hakuna aliyehitaji kumjua fundi wako. Hawa hawajabuni mkopo, wamebuni dhamana mpya, na dhamana yenyewe ni aibu yako mbele ya watu unaowaheshimu. Ndo maana hawajali hata kama hesabu ya mtu haiko sawa, aibu haiangalii una mtaji kiasi gani.

Tuwe wakweli lakini, hii sio wao walioianza. Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali wa mtaani, wanakuja kubeba friji na sofa mchana kweupe majirani wanaangalia, na kwenye vikoba nako akina mama tunaimbana vizuri tu. Tofauti ni kwamba pale waliokaa kwenye kikao wote walikubali kukaa. Na siasa nayo imo humu usiitoe, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, isiyo na riba, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024. Hapo katikati mtaani kwetu ndo matangazo ya hizi apu yalikuwa kama mvua. Mimi naona vinahusiana, wewe bisha.

Wakenya wametutangulia kidogo, Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda data ilipiga faini karibu milioni 3 za kwao kampuni moja ya mikopo kwa kutumia namba za watu wengine kuwatisha. Na sisi sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na Tume yake ipo inapokea malalamiko. Mimi nimepeleka la kwangu na skrinshoti zote za grupu. Wewe ambaye namba yako iliburuzwa kwenye deni la mwenzio na wewe una haki ya kulalamika, huhitaji kuwa umekopa. Na kufuta apu hakusaidii kama nilivyodhani, majina yakishapanda kwao yameshapanda, unachofuta ni ikoni tu.

Kwa hiyo nyota moja, ya chai isiyopoa. Huduma kwa mteja ningeipa sifuri, ingawa kiukweli ndo watu pekee waliokuwa wananipigia kila siku.

Jana usiku fundi bomba kanitumia skrinshoti. Kapata meseji kwa jina lake kamili, ameidhinishiwa 250,000 bila dhamana, kuna linki. Ananiuliza Mama Rahma, na hii nayo ni wewe umenidhamini? Halafu akaongeza, ila ningeipata ningenunua mashine ya kuchomea mabomba. Nimemwambia asibonyeze kitu, asubiri nimalize kuandika hii nimtumie asome kwanza.