TAHADHARI: Klabu ya watoto baada ya shule huku Tabata, soma kabla hujalipa ada

Wazazi wenzangu mnaotafuta pa kumwacha mtoto kuanzia saa nane mchana anapotoka shule mpaka jioni mnapofika kutoka kazini, naomba msome ujumbe huu wote kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna klabu ya watoto maeneo ya Tabata, Dar es Salaam, inayojitangaza Instagram na kwenye magrupu ya wazazi. Wanaahidi kumchukua mtoto shuleni, chakula cha mchana, usimamizi wa kazi za nyumbani, michezo, na wadogo wa miaka miwili, mitatu wanapokelewa pia. Mwanangu wa darasa la pili amekaa hapo karibu muhula mzima. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yapo kwa afisa ustawi wa jamii, na hata ningelitaja lisingewasaidia sana. Wazazi walipoanza kulalamika walibadilisha jina na nembo, na sasa wanatangaza upya kwa picha zilezile. Kwa hiyo nawaelezeni wanavyofanya kazi. Ukiyakuta mambo haya pamoja, mtoe mtoto.

La kwanza ni geti. Siku ya kwenda kuangalia unaonyeshwa chumba kizuri, mikeka mipya, midoli, viti vya rangi, na mwenye kituo, ambaye wote wanamwita Madam, anakupokea kwa upole sana. Ukishalipa ndipo unapewa karatasi ya masharti. Mojawapo linasema mzazi haruhusiwi kuingia kabla ya saa kumi na moja jioni kwa kuwa anavuruga ratiba ya watoto. Wengi tulilisoma tukaona ni nidhamu. Kumbe ndilo linaloficha mengine yote.

Siku moja niliruhusiwa kazini mapema nikafika pale kama saa tisa. Geti lilikuwa na kufuli, tena kwa nje. Nikagonga, wakaja watoto, mkubwa wao hajafika hata darasa la nne, wakaniambia kupitia upenyo wa geti kwamba dada ameenda sokoni. Ndani walikuwamo watoto zaidi ya ishirini na hakuna mtu mzima hata mmoja. Nyumba ina mlango mmoja, madirisha yote yana nondo, na jiko la gesi liko koridoni, pale pale wanapopita watoto wakienda chooni. Nilisimama nje natetemeka. Ingetokea cheche tu, nani angewatoa wale watoto? Mama mwenye genge jirani akaniambia, “Mbona ndiyo kila siku, mama. Huyo binti anapika, anafua, anaenda sokoni, yuko peke yake.”

Dada alirudi na mfuko wa nyanya, akanipigia magoti nisimwambie Madam. Simlaumu, na naomba wazazi wengine msimtukane kwenye magrupu. Ni binti mdogo aliyekuja mjini kutafuta kazi za ndani, akakabidhiwa watoto wa watu bila mafunzo na bila msaidizi. Wa kuulizwa ni anayetoza ada ya walimu watatu na mpishi, halafu anaajiri mtu mmoja.

Kazi za nyumbani ndizo zilizoniuma zaidi, maana ndiyo sababu iliyonifanya nilipe. Kila jioni daftari lilikuwa limekamilika, hesabu zote zimepata, mwandiko umenyooka. Mwalimu wake wa darasa akaniita shuleni akafungua daftari mbele yangu: darasani mtoto hawezi kutoa kwa kukopa, nyumbani anapata kumi kwa kumi. Tukaangalia mwandiko wa namba nne na namba saba. Si wa mwanangu. Nikawauliza wazazi wengine wawili wa klabu, tukafungua madaftari ya watoto wao, namba nne ni ileile. Dada alikuwa amepewa maagizo ajaze madaftari ya wote kabla ya saa kumi na moja ili wazazi wakute kazi imekwisha. Mtoto amekaa miezi anaamini kwamba kazi ya shule ni kitu anachoandikiwa na mtu mwingine. Hela zinaweza kurudi. Hili tunahangaika nalo mpaka leo, kila jioni mezani, na machozi juu.

Picha nazo ziangalieni vizuri. Kila siku mchana grupu la WhatsApp linapokea picha za watoto wakibembea, wakichora, wakila tikitimaji. Mama mmoja ndiye aliyegundua kwamba mmoja wa watoto wanaoonekana wakila alishahamia Mwanza na wazazi wake siku nyingi. Tukaanza kulinganisha nguo, tukakuta picha zinazungushwa. Ukitaka kuhakikisha, piga simu ya video saa nane na nusu bila kuaga, omba kuongea na mtoto dakika moja. Mahali penye mlezi hawatakuwa na shida na hilo.

Chakula sitakisemea sana. Kwenye tangazo ni wali nyama na matunda, watoto wanasema ni uji na nusu chapati.

Usafiri ni Noah moja inayozunguka shule kadhaa, watoto wamepakatana hadi kwenye buti, hakuna matroni. Dereva akichelewa, mtoto anakaa nje ya geti la shule na mlinzi. Kuna siku walimrudisha mtoto wa jirani yangu kwa bodaboda ambayo mama yake haijui, na mama hakupigiwa simu.

Sasa vyeti, na hapa naomba muwe makini maana ndipo wanapowapata wasomi. Ukutani pale kuna fremu tatu zinazong'aa. Nilizipiga picha nikazisoma vizuri nyumbani. Moja ni cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, ya pili ni TIN ya TRA, yaani namba ya mlipakodi, ya tatu ni leseni ya biashara. Zote zinaweza kuwa halali kabisa, na hakuna hata moja inayosema mtu huyu amekaguliwa na kuruhusiwa kulea watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kisajiliwe, na njia yake inapita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Cheti hicho ndicho cha kuuliza. Ukiambiwa “kiko kwenye mchakato”, nenda mwenyewe ofisi ya ustawi uulize kama kituo kinajulikana. Mimi nilikwenda, na maombi yao hayakuwapo.

Kuhusu fedha: unatakiwa kulipa usajili, fulana na ada ya muhula mzima kwa mkupuo, kwa namba ya simu ambayo jina linalotokea si la Madam wala la klabu. Risiti ni karatasi ya kuchana yenye muhuri. Nilipomtoa mtoto nikaomba salio la miezi iliyobaki, nikajibiwa kwamba ada hairudishwi, kisha nikatolewa kwenye grupu. Wazazi wengine wamefanyiwa vivyo hivyo. Tunzeni ujumbe wa muamala na mazungumzo yote. Msifute hata sauti walizowatumia.

Kwa wenye watoto pale sasa hivi: usimuulize mtoto kama amefurahi, atakujibu ndiyo. Muulize nani alimpakulia chakula, nani alikuwa mlangoni alipotaka kwenda chooni, alilala wapi, dada alikuwa wapi. Muulize kwa utulivu na umwache aseme mwenyewe. Akikwambia kitu cha kuumizwa au kushikwa vibaya, usiende kugombana na Madam. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure.

Sisi wazazi tuliotoa watoto tumeandika barua ya pamoja na kuambatisha picha za madaftari, miamala na lile geti lenye kufuli. Jumatatu asubuhi tunarudi kwa afisa ustawi. Kama umelipa pale, kwa jina la zamani au jipya, nitumie ujumbe inboksi kabla ya Jumapili jioni na uje na nakala ya risiti yako. Na kama umetumiwa tangazo lao wiki hii, nitumie picha yake, tunataka ofisi ione kwamba bado wanaandikisha watoto.