Ruger 10/22: Bunduki Ndogo ya Bei Nafuu na Manufaa Yake

Bunduki ya kipenyo kidogo, yaani yenye tundu jembamba la mtutu, hudharauliwa na wengi kwa kuwa risasi yake ni nyepesi na mlio wake hautishi, lakini kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza ambayo mtu anayetaka kujifunza kulenga shabaha anapaswa kuifikiria. Katika kundi hilo Ruger 10/22, iliyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 1964, ndiyo ninayoipendekeza bila kusita.

Unafuu wake mkubwa haumo katika bei ya bunduki bali katika bei ya risasi. Hutumia .22 Long Rifle, risasi iliyobuniwa mwaka 1887 na ambayo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya risasi za bunduki kubwa za kuwindia, hivyo mwenye nayo hufanya mazoezi mengi zaidi kwa fedha ileile. Na ustadi wa kutuliza pumzi na kuvuta kifyatuo taratibu haupatikani ila kwa kurudia. Tena haisukumi bega kwa nguvu, kwa hiyo mwanafunzi hazoei kufumba macho na kujikaza kabla ya mlio, tabia ambayo ikishaota mizizi ni kazi kubwa kuing'oa. Hata walengaji wa Olimpiki katika mashindano ya bunduki ya mita 50 hutumia kipenyo hichohicho.

Ina uzito wa kilo 2.3 hivi, na magazini yake ya kuzunguka, yaani kisanduku kinachobeba risasi 10, huzama yote ndani ya mwili wa bunduki bila kuchomoza chini. Muundo huo naupenda sana. Kifyatuo cha kiwandani, hata hivyo, ni kigumu kuliko ninavyotaka, na bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga chumba cha risasi, haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho, jambo linalomlazimu mtumiaji kuondoa magazini, kuvuta bolti na kukikagua chumba cha risasi kwa macho kila anapomaliza. Kwa kuwa baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, risasi za aina hii hugoma mara nyingi kidogo kuliko zile kubwa. Ikitokea hivyo, mtutu ubaki umeelekezwa kwenye tuta la shabaha kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya kufungua bolti.

Kwa mwindaji, kazi yake ni sungura na wanyama waharibifu wadogo, katika umbali usiozidi sana mita 50. Bunduki iliyorekebishwa kwa umbali huo hupiga takriban sentimita 15 chini ya alama katika mita 100, na kumpiga mnyama mkubwa kwa risasi hii ni kumjeruhi na kumtesa bure. Udogo huo usimdanganye mtu akafyatua pasipo kinga nyuma ya shabaha, maana risasi inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe au maji hudunda na kwenda isikotarajiwa.

Anayepanga kuinunua aanze na kibali kinachotakiwa na sheria, kisha aingize katika hesabu yake kabati la chuma lenye kufuli, mahali pa pekee pa kufungia risasi, na kinga za masikio na macho. Anunue pia pakiti chache za risasi za aina mbalimbali, kwani kila mtutu huchagua risasi inayoufaa, na hilo hujulikana kwa kuzijaribu tu.