Antena za mita 80 na 40 kwa sisi wa pwani: kagua kiungo kabla ya kutoa hela

Mwezi wa nne mwaka jana SWR ya antena yangu ya redio ya ridhaa ilianza kushuka. Hicho ni kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, na kadiri kinavyokaribia 1 ndivyo heri. Kwenye bendi ya mita 80, yaani mawimbi ya urefu huo, ilikuwa imezoea kusimama 1.9. Ikaja 1.6, ikaja 1.3, na mimi nikafurahi, nikadhani masika yameilowesha ardhi na ardhi inanisaidia. Wakati huohuo wenzangu wa Nairobi, tunaoongea nao karibu kila jioni, wakaanza kuniambia sauti yangu inafifia. Kufika mwezi wa sita hata Dodoma hawanisikii. Siku niliyopanda ngazi na kulifungua boksi la transfoma, lile linalounganisha waya wa antena na kebo, maji yalinimwagikia mkononi hadi kwenye kiwiko.

Nilikuwa nimelinunua mtandaoni miezi kumi na minne kabla. Tangazo liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba halipitishi maji. Ndani nilikuta bolti zimekula kutu hadi vichwa vimelainika, waya wa shaba umekuwa kijani, na kebo ya koaksi, ile inayotoka kwenye redio, niliyoikata ili nione uharibifu umefika wapi ilikuwa nyeusi kwa zaidi ya mita tatu. Maji yalikuwa yamesafiri ndani ya ule wavu wa shaba kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi.

SWR ilikuwa inashuka kwa sababu hiyohiyo. Kebo iliyolowa hula nguvu inayopanda kwenda kwenye antena, na hula tena ile inayorudi. Mita iliyo mezani karibu na redio huona kinachorudi ni kidogo, ikakuambia mambo ni mazuri. Antena yangu ilikuwa inakufa, na kipimo nilichokuwa nakitegemea kikinipongeza.

Tangu niwasimulie watu habari hii nimeletewa ujumbe kutoka Bagamoyo, Kilwa, Unguja na Mombasa, na karibu wote wamepatwa na jambo lilelile. Ndiyo maana naandika mwongozo huu, na ndiyo maana sitazungumzia wati, wala desibeli, wala bendi ngapi antena inashika. Hayo kila muuzaji anayasema. Nitazungumzia mahali waya unapokutana na kebo, yaani kiungo. Sisi tunaokaa mahali ambapo hata bawaba za mlango haziishi miaka mitatu, kiungo ndicho cha kutazama kwanza.

Chukua sumaku. Bolti ya chuma cha pua kwa kawaida haishikwi na sumaku, au hushikwa kidogo sana. Ikinasa kwa nguvu, hiyo ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Halafu soma kichwa cha bolti. Ukiona A2, ni chuma cha pua cha kawaida. Ukiona A4, ni cha baharini. Mimi hili sikulijua mpaka nilipokwenda na zile bolti zangu kwa mzee mmoja fundi wa boti hapa Tanga. Nilimwamkia, akaitikia, akaigeuza moja kwenye kidole, akasema, "Mwanangu, hii hata kwenye kitanda usiifunge." Akanionyesha za kwake, zimeandikwa A4, zimekaa kwenye maji miaka, zinang'aa.

Tazama na metali zinazogusana. Shaba ikigusana na alumini, chumvi ikapita katikati, zinakuwa betri, na inayoliwa ni alumini. Antena nyingi zinauzwa hivyo: bomba la alumini, waya wa shaba umefungwa juu yake moja kwa moja. Lazima kuwe na washa ya chuma cha pua katikati, na mafuta ya kuzuia kutu.

Kisha boksi lenyewe. Boksi lililozibwa kila upande huku kwetu ni mtego. Mchana hewa ya ndani hupata joto ikatoka, usiku hupoa ikavuta hewa ya bahari ndani, umande ukaganda, na hauna pa kutokea. Boksi zuri lina tundu dogo chini, la milimita mbili au tatu, ili maji yatoke. Ukinunua lisilo na tundu, toboa mwenyewe. Na usikubali silikoni inayonuka siki kwenye kiungo chochote cha shaba, maana hiyo asidi inayonuka ndiyo itakayokula waya wako. Ziba kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya umeme, na kebo uiache ining'inie kwenda chini kidogo kabla haijapanda kuingia dirishani, ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Bahari hii inayotula vyuma ndiyo hiyohiyo inayotupa sauti, na hapo ndipo upangaji wangu wa antena za kununua unapotofautiana na wa watu wa bara.

Mchana jua hujenga tabaka linaloitwa D, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, nalo hunywa mawimbi ya mita 160 na 80. Jua likizama tabaka hilo hupotea, mawimbi yakapita hadi tabaka F huko juu zaidi, yakarudishwa chini mbali. Sisi tulio karibu na ikweta usiku wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, kwa hiyo giza hatulikosi. Kwa Ulaya, inapofika saa tatu usiku mwezi wa Novemba, kule nako kumeshaingia giza na njia yote iko wazi. Shida ni radi. Bonde la Kongo na Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na usiku mikwaruzo yake inatufikia hata kama kwetu anga ni jeupe. Kuanzia Juni hadi Agosti kupo kimya zaidi. Mimi huo ndio msimu ninaoupenda.

Sasa, waya uliolazwa mita nane kutoka ardhini hurusha mawimbi ya mita 80 moja kwa moja utosini. Yanapanda na kurudi, yanakupa Dodoma, Nairobi, Dar es Salaam. Ukitaka Ulaya au Japani unahitaji mawimbi yatoke chinichini, yakikaribia upeo wa macho, na hiyo ni kazi ya antena ya kusimama. Antena ya kusimama hutegemea ardhi iliyo chini na mbele yake, na maji ya chumvi hupitisha umeme mara elfu moja au zaidi kuliko ardhi kavu. Ukiweza kuisimamisha karibu na maji yanapofika bamvua, una kitu ambacho mwenzako wa Arusha hawezi kukinunua kwa fedha yoyote.

Kwa hiyo namba moja, nami sifichi mapenzi yangu, ni nguzo ya faibaglasi ya kampuni ya Spiderbeam, kutoka Ujerumani, pamoja na waya utakaoukata mwenyewe. Ile ya mita 12 hukunjwa ikawa fupi kiasi cha kubebwa begani, ukaivuta kipande kimoja kimoja hadi juu. Ipo ya mita 18 kwa wanaotaka mita 160. Nguzo hii haina bolti, haina bomba la alumini, haina kiungo cha metali hata kimoja kutoka chini hadi kileleni. Chumvi haina cha kula. Robo ya wimbi kwa mita 80 ni kama mita 19.6 za waya: panda nazo mita 12, zilizobaki zivute kwa mlalo hadi kwenye mti au mnazi, ufunge kwa kamba ya nailoni. Kwa mita 40 unahitaji mita 10 tu, waya unasimama wote. Kiungo kimoja tu kipo, kiko chini, kiko wazi, unakifikia ukiwa umechuchumaa. Kila mwezi nakikagua, nakisugua kwa msasa, nakikaza. Nguzo yangu imepita kusi na kaskazi, na ninayoibadilisha ni kamba.

Usisahau nyaya za ardhini. Nyaya kumi na sita za mita kumi kumi, zilizotandazwa kama miguu ya pweza, ndizo zinazoifanya antena ya kusimama iwe antena. Kwetu chini kuna mawe ya matumbawe, udongo ni haba, kwa hiyo usijidanganye kwamba fimbo moja ya shaba uliyoigongea ardhini inatosha.

Namba mbili ni DX Commander, ya Uingereza. Ni wazo hilohilo kwa asiyetaka kukata na kupima mwenyewe: nguzo ya faibaglasi, nyaya kadhaa zinazosimama sambamba kila moja na bendi yake, bila koili na bila vichujio vya masafa vilivyozibwa ndani ya mabomba. Naipenda kwa sababu bamba la chini liko wazi na kila bolti unaiona kwa macho. Hata hivyo, bolti hizo na washa zake zihesabu, uzisome, na ukipata A4 kwa fundi wa boti uzibadilishe zote siku ya kwanza.

Namba tatu, EFHW-8010 ya MyAntennas, ya Marekani. Ni waya wa karibu mita 40 unaolishwa mwisho mmoja kupitia transfoma ya 49 kwa 1. Nimeiweka hapa kwa ajili ya wenye uwanja mdogo au nyumba ya ghorofa, ambao nyaya za ardhini hawana pa kuzitandaza. Ina heshima yake na watu wengi wanafanya nayo kazi. Lakini ni antena ya boksi, na boksi liko juu, mahali usipopanda kila mwezi. Ukiinunua, lishushe boksi liwe chini, mahali panapofikika kwa mkono, na waya ndio upande juu.

Butternut HF2V, antena ya alumini ya kusimama ya mita 80 na 40, yenye urefu wa karibu mita kumi, ningempa mtu wa Morogoro au Iringa bila kusita. Kwa mtu wa pwani ina viungo vingi mno vya bomba kuingia ndani ya bomba, na kila kimoja kinahitaji mafuta na kukazwa.

Kwa asiye na fedha: nunua waya, tengeneza dipoli (waya unaolishwa katikati), mita 20 kwa bendi ya mita 40. Anayetaka bendi zaidi kwa waya mmoja atafute vipimo vya ZS6BKW, antena ya waya ambayo Brian Austin wa Afrika Kusini aliiboresha kutoka kwenye antena ya zamani iitwayo G5RV. Vinginevyo, achana na antena za bei rahisi.

Kilichoniumiza zaidi ya kupoteza fedha yangu ni jinsi tunavyouziwa. Nimezunguka maduka, nikaonyeshwa antena ya redio ya gari, ya bei ya chini kabisa, mtu ananihakikishia kwamba "inashika masafa yote". Mita 80 kwenye kifimbo cha mita moja na nusu! Nilipomuuliza bolti zake ni za aina gani, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Na wa mtandaoni ukimwandikia kuomba picha ya ndani ya boksi kabla ya kulipa, hajibu. Ukishalipa ndipo anakuwa mwepesi wa kujibu, akikutakia matumizi mema. Bolti nne za A4 ni gharama ndogo tu, na mtu anatuuzia boksi zima bila hata moja.

Usafirishaji nao unatumaliza. Nguzo yangu nilitozwa kwa urefu wa kifurushi, siyo uzito, na wakala wa kutoa mzigo akaongeza gharama ambazo hakuna aliyenieleza kabla, kila siku jina jipya. Alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba ni "mnara wa mawasiliano", ikabidi nipeleke leseni yangu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na picha ya fimbo za kuvulia samaki ili waelewe ni kitu cha namna gani. Wiki tatu. Mkiagiza, mwambieni muuzaji aandike kwa uwazi kwamba ni nguzo ya faibaglasi ya kukunjwa, aweke na picha juu ya kifurushi, na muungane wawili watatu ili mzigo uje mmoja.

Waya, kamba, tepu na bolti msiagize nje. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 wa kuvutia umeme majumbani, ule wenye nyuzi nyingi na ganda la plastiki, unatosha kabisa, na unapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Mkiufikisha nyumbani, menyeni ncha kidogo mtazame rangi. Shaba halisi ni nyekundu hadi katikati ukiikwangua kwa kisu. Ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Rudisheni dukani siku hiyohiyo, kabla risiti haijapotea.