Kinyago cha Hel au kunguru wa Odin?

Kwa Halloween, sherehe ya mavazi ya kutisha ya 31 Oktoba, kama umechoshwa na maboga na popo, hadithi za kale za Skandinavia zina mengi ya kukupa. Hapa napima kazi mbili za mikono.

Kinyago cha Hel, binti wa Loki, mungu mwenye hila, na mtawala wa wafu, kinatisha kweli. Masimulizi ya Iceland yanasema nusu yake ilikuwa na rangi ya ngozi ya mtu, nusu buluu iliyokolea hadi weusi. Puliza puto, libandike vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye uji wa unga wa ngano, tabaka tatu, uache vikauke kabisa, hata siku mbili, ndipo ukate katikati na kupaka rangi. Ukiharakisha, kinyago kinabonyea.

Kunguru Huginn na Muninn, yaani Fikra na Kumbukumbu, waliomletea Odin, mkuu wa miungu, habari za dunia, wanahitaji kadibodi nyeusi, mkasi na uzi wa kuwaning'iniza dirishani. Saa moja inatosha, na watoto wadogo wanaweza kusaidia.

Mimi nampenda Hel zaidi. Uso mmoja, nusu hai, nusu maiti: boga gani litaufikia? Kunguru ni wa jioni ya mwisho, muda ukibana.