Nimepima tanki wa kukinga wenzake kwenye FFXIV ya bure, kwa intaneti hii hii ya Dar

Oyaa watu wangu, niaje, karibuni tena. Leo sio simu wala headfoni za Kariakoo, leo nachambua kitu ambacho wengi mnakipita tu mkicheza gemu za mtandaoni, zile skili za tanki (yule mchezaji ambaye kazi yake ni kusimama mbele apigwe yeye) za kumkinga MWENZAKO. Sio za kujikinga mwenyewe, hizo kila mtu anazijua, unabonyeza, damu haishuki, unajiona mwamba. Naongelea ile ngao unayomtupia mtu mwingine ambaye bila wewe anakufa hapo hapo. Gemu tunayoiweka mezani ni Final Fantasy XIV, triali yake ya bure, manake unaweza kufika leveli 70 bila kutoa hata mia na bila kuhesabiwa siku.

Tumalize haraka mambo ya mzigo. Inacheza kompyuta, PlayStation na Xbox Series, triali hii kwenye simu hakuna, kwa hiyo mnaoishi kwenye simu poleni. Kwenye kompyuta wenyewe wanataka nafasi ya GB 140 hivi, na triali unashusha gemu zima sio kipande, sasa ukisema unashusha kwa bando la wiki utalia. Tafuta mshkaji mwenye faiba, nunua soda, kaa kwake mpaka iishe.

Sasa sikia, kitu cha kwanza cha kujua kabla hata sijataja skili. Sava za karibu yetu ziko Ulaya, zimegawanyika Chaos na Light, Afrika hakuna. Kila ukibonyeza kitufe hapa Sinza, taarifa inaingia kwenye waya wa baharini, inaenda mpaka Ulaya, inarudi. Na mnaokumbuka ile Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilivyopata hitilafu kwa wakati mmoja huko upande wa kusini mwa Afrika, nchi nzima tukakaa tunaangalia kiduara kinazunguka, mnajua naongelea nini. Siku za kawaida sio mbaya hivyo, gemu inachezeka vizuri tu, ila kuna kauchelewaji, na hako kauchelewaji ndo kanaamua ngao gani inakufaa wewe wa Dar na ipi utaishia kuilaumu bure.

Kwanini? Kwa sababu kwenye hii gemu bosi akikasti, yani akiandaa, pigo kubwa kuna mstari unajaa, na ule mstari ukiisha tu, sava imeshaamua nani kapigwa na nani alikuwa na ngao. Animesheni inakuja baadae. Yani unaona kabisa upanga bado uko juu hewani, unabonyeza ngao, inatokea vizuri kwenye skrini, inang'aa, afu mwenzako anaanguka vile vile, unabaki unasema gemu ina bagi. Haina bagi bana, ulichelewa. Huku ngao inatoka wakati mstari bado una nafasi ya kutosha, ukisubiri uone pigo lenyewe ushachelewa.

Haya, tuingie kwa Paladin. Unaanza kama Gladiator mjini Ul'dah, ukifika leveli 30 unageuzwa Paladin, na huyu ndo tanki wa kukinga watu kuliko wote ndani ya triali. Skili yenyewe inaitwa Cover, unaipata leveli 45. Unamchagua mtu wa pati, yani kundi lenu, aliye ndani ya yadi 10 za gemu, unabonyeza, na kwa sekunde 12 mapigo yake yanakuja kwako wewe. Sekunde 12 ni nyingi! Ndo maana naipenda kwa huku kwetu, unaiwasha mapema, hata intaneti ikikohoa bado iko pale pale. Mchunge tu mtu wako asikimbie mbali, akitoka nje ya ule umbali haimsaidii, na ujue kuna mapigo mengine ya bosi Cover haiyabebi kabisa, yale utajifunza bosi kwa bosi.

Ngoja niwaonyeshe hapa kwenye klipu. Mnamuona huyu Black Mage, mchawi wetu wa kupiga? Ameshachora lile duara lake la zambarau chini, Ley Lines, akiwa mle ndani anakasti haraka zaidi, na Black Mage akishachora duara hatoki hata nyumba iungue. Mmeona yale mapigo yanavyomjia? Wengine wote wamekimbia, yeye kasimama. Sasa angalia hapa chini kulia, nabonyeza F3, jina lake linachaguliwa kwenye listi ya pati, nawasha Cover, ule uzi unatuunganisha, na angalia damu yake, haijatikisika, ya kwangu ndo imeshuka robo. Yeye kaendelea kumpiga bosi kama hakuna kilichotokea, wala hajaandika asante, ila pati nzima imemaliza bosi mapema. Unaweza kusema angehama tu mwenyewe, na ni kweli alitakiwa kuhama, ila nimeiweka hii klipu muone inavyofanya kazi.

Kuna mchezo mwingine hapo hapo. Leveli 50 Paladin anapata Hallowed Ground, sekunde 10 ambazo karibu hakuna kinachokuumiza, ila ukiitumia unaisubiri dakika 7 mpaka irudi. Sasa washa Hallowed Ground, afu washa Cover kwa mtu aliyekwisha. Mapigo yake yanakuja kwako, na wewe huumii. Huo mziki ukiupatia kwenye danjeni (zile safari za kundi kupiga maadui na mabosi) ambayo mponyaji ameshaanguka, nakuambia watu wataandika kwenye chati bila kuambiwa.

Kinachonikera sasa. Cover inakula 50 ya ile geji ya Paladin inayoitwa Oath, na geji mwisho wake ni 100, inajaa taratibu kadri unavyompiga adui kawaida. Na ile ngao yako mwenyewe ya kublokia, Sheltron, nayo inakula 50 hiyo hiyo. Na Intervention ya leveli 62 nayo 50. Kwa hiyo ukimkinga mtu unajinyima wewe, hakuna vya bure hapo, na tanki anayemkinga kila mtu kila saa ataanguka yeye kwanza afu pati nzima ifuate. Mimi kwenye danjeni za watu wanne, makundi makubwa ya maadui yakija geji naiweka kwangu, bosi akibaki peke yake ndo naanza ukarimu.

Hiyo Intervention inampunguzia mtu maumivu asilimia 10 kwa sekunde 8, na kama wewe mwenyewe una Rampart au Sentinel, zile skili zako za kujikinga, iliyowaka inaongezeka asilimia 10 nyingine. Ukiangalia juu juu utasema kidogo sana. Utamu wake uko kwenye mechi za watu wanane ambako tanki mko wawili, bosi anamlenga mwenzako na pigo lile zito la kumaliza tanki, wewe umekaa pembeni huna kazi, unawasha Rampart afu unampa Intervention, mponyaji anapumua. Watu wengi tanki wa pili wanakaa tu kama abiria. Inaudhi.

Afu kuna zile za kukinga pati nzima. Divine Veil, leveli 56, kila mtu anapata ngao ya ukubwa wa asilimia 10 ya damu yako, inakaa sekunde 30. Thelathini! Unaiwasha bosi akianza tu kukasti, unakunywa maji, bado ipo. Hapa niwaambie kitu, mkiangalia vidio za zamani mtasikia eti Divine Veil lazima uponywe kwanza ndo iwake. Ilikuwa hivyo, waliibadilisha kwenye pachi (sasisho la gemu) 6.3, Januari 2023, siku hizi unabonyeza inawaka hapo hapo. Usibishane na mtu kwa ushahidi wa vidio ya 2020.

Na Passage of Arms, leveli 70, hiyo ndo ya kupigia picha. Unapiga ngao chini, mabawa ya mwanga yanafunguka nyuma yako, na wote waliosimama NYUMA yako wanapunguziwa asilimia 15. Ukisogea inakata, ukigeuka tu hata bila kusogea inakata, ukibonyeza skili nyingine inakata. Tatizo lake ni binadamu. Unafungua mabawa, umejipanga vizuri, unageuza kamera kuangalia nyuma, hakuna mtu, wote wako ubavuni kwa bosi wanapiga. Na wageni mnaokutana nao sava za Ulaya huyu Mjerumani yule Mfaransa, mpaka umalize kuandika njooni nyuma pigo limeshapita. Kwa hiyo mimi sisubiri waje, nahama mwenyewe, nasimama katikati ya bosi na pale walipojazana, mgongo nawaachia wao. Inasaidia zaidi kuliko kupiga kelele kwenye chati.

Reprisal sitaikalia sana, tanki wote wanayo kuanzia leveli 22, inapunguza nguvu ya maadui walio karibu asilimia 10 kwa sekunde 10. Itumieni basi! Naona tanki wanamaliza danjeni nzima haijaguswa.

Sasa Dark Knight, tanki wa aina nyingine, maana najua mtaniuliza. Yeye leveli 70 anapata The Blackest Night, watu wanafupisha TBN, na ukiniuliza kitufe kimoja kitamu kuliko vyote ni hicho. Unampa mtu yeyote wa pati ngao ya robo ya damu yake, asilimia 25, na inarudi kila sekunde 15. Inakula mana (nguvu za uchawi) 3000 kati ya 10000, lakini ngao ikivunjika yote kabla ya muda kuisha, unapewa pigo moja la bure, kwa hiyo mana yako kama imerudi. Ikibaki hata kidogo, imekula kwako. Ndo maana ukimpa mtu ambaye hapigwi umetupa. Na muda wenyewe ni sekunde 7 tu. Saba, kwa intaneti ambayo jirani akianza kuangalia mpira na wewe unaisikia. Inawezekana, wapo wanaoiweza, ila inabidi umjue bosi kwa moyo, na kama ndo unaanza utatupa mana mpaka uchoke. Kwa Dar mimi nasema anza Paladin, Dark Knight aje baadae ukishazoea ile saa ya sava.

Warrior, tanki mwingine, ndani ya triali anakinga watu kwa Shake It Off, leveli 68, ngao ya pati nzima asilimia 15, sekunde 30, safi kabisa, ila zile nzuri za mtu mmoja mmoja ziko juu ya 70. Gunbreaker, tanki wa nne, hayupo kwenye triali, msihangaike kumtafuta.

Gemu zingine kidogo. World of Warcraft, Paladin wake ana Blessing of Sacrifice, inahamishia kwako asilimia 30 ya maumivu ya mwenzako kwa sekunde 12, na ana Blessing of Protection, mtu haguswi na pigo la mwili sekunde 10. Hiyo ya pili ni hatari ukimpa tanki mwenzako, manake maadui wanamuacha wanatafuta mwingine wa kula, na mwingine huyo mara nyingi ni mponyaji. Ila ukipita leveli 20 unalipia kila mwezi. Guild Wars 2 msingi wake ni bure, Guardian ana Aegis, inablokia pigo moja linalofuata, moja tu, na anaweza kuwapa na wenzake, kwa hiyo ni mchezo wa kusoma bosi haswa. Na wazee wa Ragnarok Online mpo? Crusader na Devotion yake, anawabeba mpaka watu watano kwa mpigo, mradi leveli zenu zisiachane zaidi ya kumi. Ile ilikuwa kujitoa kweli kweli.

Turudi kwenye vitufe, manake hapa ndo wengi mnakwama. Kwenye kibodi F1 ni wewe, F2 mpaka F8 ni wenzako kwa mpangilio wa listi. Kwenye padi ni mshale wa juu na chini. Mimi nimetengeneza makro, yani amri unayoiandika mwenyewe na kuiweka kwenye kitufe kimoja, naandika /ac "Cover" <2> kwa mtu wa pili, <3> kwa wa tatu, kwa hiyo namkinga mtu bila kumuachia bosi. Ubaya wa makro, hazipangi foleni kama kitufe cha kawaida, ukibonyeza skili nyingine bado inamalizika makro inakufa kimya kimya, na ukiongeza na uchelewaji wa intaneti ndo kabisa. Ibonyeze mara mbili tatu. Na kama unaona aibu kujifunza mbele ya wageni, tumia Duty Support, danjeni za hadithi unaingia na wahusika wa gemu, hawanuni wala hawatoki.

Alama zangu. Cover nane kwa kumi, geji imeila mbili. Divine Veil tisa. Intervention saba, ukiwa mechi za watu wanane tisa. Passage of Arms sita, na ningempa nane kama watu wangekuwa wanasikia. TBN tisa na nusu kwa mwenye intaneti nzuri, sita kwa mwenye modemu.

Kingine kuhusu triali, hata kumtumia mtu meseji ya siri huwezi, na hamuwezi kutengeneza pati wenyewe kwa wenyewe mpaka awepo mmoja mwenye akaunti ya kulipia awaalike. Na ukishanunua huwezi kurudi triali, kwa hiyo mkubaliane nani anajitoa kabla hamjaanza kulaumiana. Kwa hiyo nani hapa Dar analipia FFXIV? Andika kwenye komenti uko Chaos au Light, mimi nina Paladin wa leveli 70 na nahitaji mtu wa kunialika, na mponyaji mmoja asiyekimbia.