Rangi za kupaka mvi nyumbani: nilizojaribu Arusha na Moshi, kuanzia ya kununua hadi ya kuacha dukani

Mvi zangu zilianza nikiwa na miaka 31, juu ya sikio la kushoto, palepale zilipoanzia za mama. Huu ni mwaka wa tisa najipaka mwenyewe hapa Sakina, Arusha, kioo cha bafuni mbele na kidogo cha mkononi nyuma, na kila nikishuka Moshi nampaka na mama, nyumbani kwake Pasua. Nimeshatumia karibu kila aina inayopatikana kwenye maduka ya vipodozi ya Arusha mjini, na nyingine nimezinunua soko la Mbuyuni, Moshi. Nazipanga hapa kwa kuangalia ngozi inazipokeaje, mvi zinashika kweli au zinabaki kijivu, na utalazimika kurudia baada ya muda gani. Bei ndiyo kigezo changu cha mwisho kabisa, na sababu ni yaliyompata mama.

Ilikuwa Desemba, harusi ya mdogo wangu. Mama akataka apakwe piko ili apendeze kwenye picha. Nikanunua pakiti ya shilingi 1,000: unga mweusi, hauna kasha, hauna karatasi ya maelezo, jina lenyewe limefutika. Nikampaka uani saa nne asubuhi, nywele zikatoka nyeusi tii, majirani wakasifia. Usiku akaanza kulalamika kichwa kinamuwasha. Kesho yake kope zilikuwa zimevimba hadi macho yamebaki mistari miwili, na nyuma ya masikio ngozi inatoa maji, foronya imelowa na kukauka ikawa ngumu. Harusini alikwenda na miwani ya jua na kilemba kilichofika kwenye nyusi. Picha zile hataki kuziona hadi leo.

Daktari alimuuliza swali moja tu kabla ya kumgusa: mama, umewahi kuchorwa piko mikononi? Alikuwa amechorwa, miaka kadhaa nyuma, kwenye harusi ya dada yangu. Na maua yale yalimuwasha, yakavimba kidogo, sote tukasema ni joto la Moshi.

Kumbe mwili ulishasema. Kinachofanya piko iwe nyeusi ni kemikali iitwayo paraphenylenediamine, kwa kifupi PPD, na hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye rangi nyingi za kudumu za nywele, za bei ya chini na za bei ya juu. Mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida unaikataa maisha yote, na mara ya pili huwa kali kuliko ya kwanza. Kwa hiyo kama uliwahi kuchorwa piko ikakuwasha, usinunue rangi yoyote kabla ya kusoma sehemu ya mwisho hapa chini.

Wengine wote, jipimeni. Changanya rangi kidogo sana, paka doa dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kwa kufuata maelezo ya kasha, kisha subiri saa 48. Siku mbili kamili, kwa sababu aleji ya PPD inaweza kuchelewa na asubuhi ya kwanza ukajiona salama. Fanya hivyo kila mara, hata kwa rangi uliyoizoea. Aleji hii inaweza kukujia baada ya miaka kumi ya kupaka bila shida. Najua inachosha. Mimi hupima Alhamisi jioni, nikapaka Jumamosi usiku.

Haya, tuingie dukani.

Ya kwanza: unga wa kuchanganya na maji

Unaojulikana zaidi ni Bigen, wa kampuni ya Hoyu ya Japani, ile chupa ndogo ya gramu 6. Hauna amonia wala hauhitaji chupa ya pili ya maji ya oksijeni (hydrogen peroxide, inayoamsha rangi). Unakoroga na maji ya kawaida ukawa uji mzito, unapaka. Kwa nywele fupi za asili sijaona kinachoushinda. Mvi za pembeni, zile ngumu zinazogoma, unazishika. Wiki ya sita rangi bado ipo, kinachoonekana ni mizizi mipya tu, maana nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi.

Faida inayosahaulika ni kwamba si lazima umalize chupa. Mimi hutumia nusu, naifunga vizuri nyingine isiingie unyevu, nakuwa na ya mwezi unaofuata. Uji uliokwisha korogwa ndio haurudi chupani, wa kumwaga huo.

Kuhusu namba: wengi tunakimbilia 59 kwa sababu ni nyeusi kabisa. Baada ya miaka 40 jaribu 58, nyeusi inayoelekea kahawia. Uso wa mtu mzima na nywele nyeusi kama kaa la moto lililozimika havielewani, hasa juani. Shangazi yangu alibadilisha namba tu, watu wakamuuliza amepumzika wapi.

Kasoro ni mbili. Uji ukiwa mwepesi unachuruzika hadi shingoni na kukupaka mistari. Na kwenye nywele ndefu chupa moja haitoshi, halafu unakauka mkononi kabla hujafika kisogoni. Kumbuka pia kwamba kutokuwa na amonia si kutokuwa na PPD. Soma kasha, pima ngozi.

Ya pili: krimu ya tyubu mbili

Hii ni ile ya kasha kubwa, tyubu ya rangi na chupa ya oksijeni, mara nyingi na glovu ndani. Kwa mwenye nywele ndefu, au anayetaka kahawia badala ya nyeusi, hii ndiyo namba moja. Inapakika taratibu, haichuruziki, inafika kwenye mizizi.

Tazama asilimia ya oksijeni. Ya kufunika mvi ni 6, ambayo wauzaji huiita ishirini. Ukipewa 9 au 12, hizo ni za kupausha nywele. Wewe unaficha mvi, hazikuhusu, zitakukausha bure. Wifi yangu alipewa 12 kwenye duka moja mjini, nywele zikawa kama majani ya mgomba ya kiangazi, akanyoa.

Na kama umeweka dawa ya kulainisha nywele, usichanganye mambo mawili wiki moja. Subiri angalau wiki mbili. Dawa imeshaulegeza unywele, oksijeni ikija juu yake unakatika palepale unapochana. Hili nimeliona kichwani kwangu, upande wa mbele, na ilinichukua mwaka kurudisha nywele za kubana.

Ya tatu: rinsi

Rangi ya muda, haina oksijeni, inakaa juu ya unywele na kutoka kidogo kidogo kila ukiosha. Ukiwa na mvi chache na unataka zisiwake kwenye picha, inatosha. Mvi zikizidi robo ya kichwa, utabaki unapaka kila wiki mbili na mto wako utajua. Nyingi hazina PPD, lakini nyingi si zote.

Ya nne: shampuu nyeusi za pakiti

Hizi nimezipanga chini, na najua watakaonipinga ni wengi, maana kila kibanda kinazo. Unaminya pakiti, unasugua kama povu, dakika chache nywele nyeusi. Shida yangu ni kusugua kwenyewe: rangi ambayo kwa brashi ingegusa unywele, hapa unaikandamiza kwenye ngozi ya kichwa, masikio, vidole. Halafu pakiti inaandikwa mitishamba, ina picha ya jani, ukigeuza nyuma kwa maandishi madogo unakuta p-Phenylenediamine. Ukiamua kuinunua, isome kwanza mgongo, vaa glovu, pima ngozi kama nyingine zote.

Ya kuacha dukani: piko inayouzwa kwa kupimiwa au ya pakiti isiyo na jina

Huwezi kujua ina PPD kiasi gani. Ulaya sheria inataka isizidi asilimia 2 ikishachanganywa. Unga usio na kasha hauna wa kuuliza. Tena ikimezwa ni sumu kali: inavimbisha koo na kuharibu figo, na mtoto hajui tofauti ya unga huo na kitu cha kulambwa. Tangu 2019 vipodozi nchini viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa iliyopita njia halali ina jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya kuisha muda. Ikikosa hayo, mrudishie muuzaji.

Wanaume nao, wale mnaopakwa ndevu kwa kinyozi: ulizeni kasha muone. Ngozi ya kidevu iliyotoka kunyolewa ina michubuko midogo, inawasha upesi. Na nyusi au kope zisiguswe kwa rangi yoyote ya nywele, maana macho yanaweza kuharibika.

Vifaa ni vichache: bakuli la plastiki, si la bati, brashi, glovu, kanga ya zamani, mafuta ya mgando ya kupaka kwenye paji la uso na masikio ili ngozi isishike. Kwa wa Arusha, jambo moja la ziada. Julai rangi huchelewa kushika kwa sababu ya baridi. Nilidhani nimeuziwa feki, nikapaka ileile Moshi wiki iliyofuata ikashika vizuri. Dawa yake si kuiacha kichwani kupita muda wa kasha. Paka mchana, funga madirisha, vaa kofia ya plastiki.

Kama PPD imekukataa

Hapo orodha yote ya juu inapukutika, inabaki rinsi isiyo na PPD, na hina. Usidanganywe na kasha lililoandikwa PTD badala ya PPD. Ni ndugu wa karibu, na baadhi ya waliokataliwa na moja hukataliwa na nyingine.

Hina ya kweli ni unga wa kijani uliofifia, unanuka kama majani makavu, na haipaki nyeusi. Kwenye mvi hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa kahawia nyekundu baada ya siku mbili. Ukiuziwa "hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa, hiyo ni piko imebadilishiwa jina. Anayetaka giza zaidi hupaka hina kwanza, kisha unga wa majani ya nili juu yake. Ni kazi ya nusu siku. Na hina isipakwe watoto wachanga: mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao huku kwetu upo, inaweza kumvunjia chembe za damu.

Aliyekwisha vimba asijitibie kwa dawa za kubahatisha. Hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, na wagonjwa wa aina hii wanawajua.

Mama sasa anatumia hina. Nakoroga usiku kwa maji ya ndimu, naiacha ilale, asubuhi nampaka akiwa amekaa kwenye kigoda uani, kisha anafungwa mfuko na kilemba hadi saa nane. Mara ya kwanza alipojiona kwenye kioo alinyamaza, akageuza kichwa huku na huku. Nywele za mbele zilikuwa rangi ya mti wa mninga. Akaniambia, "Mwanangu, hii inafanana na ya bibi yako." Sikujua kwamba bibi alikuwa anapaka. Jumapili iliyopita amenipigia simu, anataka pakiti mbili kabla ya Pasaka, moja ya jirani yake.