A Night at the Opera ya Queen: imesikilizwa na mwalimu wa kwaya, Dodoma

Nimefundisha kwaya hapa Dodoma miaka kumi na tisa. Watu wakitaja Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, wanaishia kwenye wimbo mmoja, Bohemian Rhapsody. Ni wimbo mkubwa, nami nitaufikia. Lakini albamu iliyoubeba, A Night at the Opera ya mwaka 1975, ina nyimbo 12, na mtu yeyote anayepanga sauti asiyewahi kuisikia yote amekosa darasa zima.

Mimi nimeisikiliza wiki tatu, kwa CD aliyoniletea mpwa wangu kutoka Dar es Salaam, kwenye spika za kanisani mazoezi yakishaisha. Kwenye simu sauti za chini zinamezwa, na utamu wote uko huko.

Wimbo ulioninyima usingizi ni The Prophet's Song. Unapita dakika nane. Katikati vyombo vinanyamaza, anabaki mwimbaji wao, Freddie Mercury, peke yake. Anatoa mstari, mstari unamrudia kwa kuchelewa kidogo, naye anaupokea kwa sauti nyingine, mpaka mtu mmoja anageuka kijiji. Sisi Wagogo hatuhitaji kufundishwa hilo. Bibi yangu wa Mvumi aliimba hivyo na wenzake: mmoja anaanzisha, wa pili anadaka kabla wa kwanza hajamaliza, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya solfa. Nilisimamisha CD, nikakaa kwenye benchi la sauti ya pili, nikairudia mara nne.

Halafu '39, wimbo wa mpiga gitaa wao Brian May, gitaa kavu na sauti zilizopangwa kwa adabu. Watu wanaondoka kutafuta nchi mpya huko angani. Kwao umepita mwaka mmoja, wakirudi nyumbani imepita miaka mia. May alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota, na shahada yake ya uzamivu aliimaliza mwaka 2007. Ila mimi sikuwaza nyota. Niliwaza Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, na masimulizi ya wazee kuhusu walioondoka kuhemea, na waliorudi wakakuta boma ni vichaka. Wimbo huo nimeulilia, sioni aibu kusema.

Tuje kwa mkubwa mwenyewe. Mwanakwaya akisikia ile sehemu ya katikati anadhani ni watu sitini. Walioimba ni watatu: Mercury, May na mpiga ngoma Roger Taylor, ambaye zile noti za juu kabisa ni zake. Walirekodi sauti juu ya sauti kwenye tepu ya njia 24, kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila siku, mpaka tepu ikachakaa ukaweza kuona mwanga upande wa pili. Ikifika "Bismillah", jirani yangu Mwislamu aliyekuja kutusikiliza aliinua kichwa. Nikamwambia mwimbaji amezaliwa Unguja, mwaka 1946, Mparsi wa asili ya India, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara. Akasema, "Basi neno hilo alilisikia mtaani tangu utotoni." Nakubaliana naye.

Walipoutoa waliambiwa ni mrefu mno kwa redio, dakika 5 na sekunde 55. Mtangazaji Kenny Everett wa London aliupiga mara 14 katika siku mbili, watu wakaanza kuuulizia madukani. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa, na albamu nayo ikashika namba moja huko, Marekani ikafika namba nne. Wapo wahakiki waliosema imepambwa kupita kiasi. Kwa Sweet Lady nawaunga mkono, ni kelele ya gitaa isiyokwenda popote, na ule wa Taylor wa mapenzi ya gari naurusha kila mara. Death on Two Legs umejaa hasira ya kumtukana meneja wao wa zamani. Umepigwa vizuri, lakini kanisani niliuzima.

Jambo moja walimu wenzangu walisome mara mbili: kwenye jalada wameandika kwamba hawakutumia sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti za vyombo vingine. Kile kibendi cha tarumbeta unachosikia kwenye Good Company ni gitaa la May, alilolichonga na baba yake, shingo yake ikiwa ya mbao za meko ya zamani. Baba yangu alichonga zeze lake kwa mti na kibuyu. Leo kwaya zetu zinabonyeza biti iliyomo kwenye kinanda na kuiita muziki. Inaniuma.

Nyota nne kati ya tano. Alhamisi tunajaribu ule mzunguko wa sauti wa The Prophet's Song, bila kinanda. Besi wangu wawili wameshaniomba niwaandikie solfa. Nimewakatalia, nataka wadake kwa masikio kama bibi.